Sinema ya Mizuka Mwezi wa Saba

"Imeruhusiwa hata kwa watoto wa miaka sita, mama! Haina damu, haina matusi, haina busu!" Mwalimu Chiu alikuwa amesimama ndani ya basi la Tainan, Taiwan, subira imemwishia.

"Nani kataja busu?" Bi Kuo, ambaye binti yake alikuwa kwenye kambi ya shule, alimkazia macho kutoka kitini. "Ina mizuka. Na huu ni mwezi wa saba wa kalenda yetu ya mwandamo, mizuka yote imefunguliwa inazurura. Wewe ndiyo kwanza unaiwashia sinema! Ukiionyesha leo kambini, mwanangu namchukua, na mama za wenzake nawapigia simu."

"Mimi nafundisha sayansi. Siamini mambo hayo."

"Haya. Jana nguo zako zilianuliwa mbichi kabla jua halijazama. Mimi jirani yako, nimeona. Ulikimbia nini, kama si mizuka inayovaa nguo zilizolala nje?"

Mwalimu akatazama dirishani. "Mvua."

"Mvua gani, baba, na wiki nzima tunaungua?" Abiria wa nyuma akacheka mpaka akakohoa.

Basi likapunguza mwendo mbele ya shule. Bi Kuo akainuka, mkoba kwapani. Mwalimu akatoa simu haraka, akampigia mwenzake ukumbini.

"Itoe hiyo. Weka ile ya bata mpishi." Akashusha sauti. "Na safu ya mbele asikae mtoto. Iacheni wazi kwa wale wageni wasioonekana, kama wanavyofanya hekaluni."

Hilo la safu ya mbele, Bi Kuo hakuwa amelidai.