Kiguu-na-Njia Haikupotea: Kumuaga Shangazi wa Kompyuta

Tarehe thelathini mwezi huu Shangazi wa Kompyuta anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya miguu na mikono bandia. Uongozi umeomba wasifu mfupi, wa heshima, usiofukua mambo yaliyopita. Mfupi utakuwa, na heshima ipo tele. Hilo la tatu litatushinda, maana ukimwondolea Shangazi mambo yaliyopita hakibaki cha kuandika.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa. Alikabidhiwa mashine ya chuma iliyogoma kupiga herufi k, ndiyo maana barua zetu za wakati ule zilizungumzia mguu wa ulia na mguu wa ushoto, hadi alipopita na kalamu kuzitibu moja moja. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, mkuu wa wakati huo aliifungia stoo isije ikaingia vumbi. Shangazi aliomba ufunguo akanyimwa, akaomba tena akanyimwa tena. Akajiandikisha masomo ya jioni, akarudi na cheti, akakiweka mezani kwa mkuu na kusimama palepale mpaka ufunguo ukatoka. Tangu siku hiyo akawa mkuu wa kitengo cha kompyuta, na kwa miaka mingi akawa ndiye kitengo chenyewe.

Jina la Shangazi alipewa na mafundi wa karakana. Alikuwa akiingia ofisini kwako bila kuitwa, anakuuliza umekula nini, halafu anakuuliza kama kazi yako ya leo umeihifadhi. Ukijibu kwa kigugumizi anavuta kiti. Wapo waliojifungia chooni kumkwepa, na aliwasubiri mlangoni.

Kila kompyuta aliyoiunganisha kwenye mtandao wetu aliipa jina. Ya uhasibu inaitwa Mkono wa Birika. Ya mkurugenzi ni Shingo Upande, kwa kuwa haijawahi kufungua kitu kwa hiari, na iandikwe wazi kwamba jina hilo lilikuwepo kabla ya mkurugenzi wa sasa. Yetu ya mapokezi ni Domokaya. Anayeandika haya ndiye anayeitumia, na mpaka leo hajaambiwa kama iliyokusudiwa ni mashine au ni yeye. Ya chumba cha vipimo, inayotunza maumbo ya miguu yote tuliyowahi kuitengeneza, ikaitwa Kiguu-na-Njia.

Majina hayo yalikuwa na kazi. Seva, lile boksi jeusi lililo kwenye kichumba cha mafagio, kila siku hupokea nakala za akiba kutoka kwa kila kompyuta na kuziweka kwenye folda yenye jina la kompyuta hiyo. Shangazi alikuwa akisema namba mtu huisahau, lakini hakuna aliyewahi kumsahau Mkono wa Birika.

Mkurugenzi alipotoa waraka kwamba majina ni utoto na kompyuta zote ziitwe kwa namba, Shangazi alisimama kikaoni akasema atafanya hivyo siku mkurugenzi atakapoanza kuitwa na mkewe kwa namba yake ya ajira. Waraka ukabandikwa ubaoni, na majina yakabaki kwenye mashine.

Yakaendelea kubaki hadi siku ya jino. Asubuhi hiyo Kiguu-na-Njia iligoma kuwaka, na Shangazi alikuwa kwa daktari aking'olewa gego. Akaletwa fundi wa nje. Kijana wa watu alifanya alichoambiwa: akaifuta yote na kuipiga mfumo mpya, na kwa kufuata waraka akaibatiza K-14. Mashine ikaamka safi, inang'aa, haimjui mtu. Programu ya nakala za akiba ikaenda kwenye seva kutafuta folda ya K-14, haikuiona, ikafungua mpya. Kisha ikatangaza kwamba mafaili yote yako salama. Hapakuwa na faili hata moja.

Fundi Mkuu wetu wa miguu alikaa kwenye stuli yake, plasta imemkaukia mikononi, akitazama kioo kitupu. Nje, kwenye benchi la ukumbini, alikuwa amekaa mwalimu wa michezo akisubiri kujaribishwa mguu wake kwa mara ya mwisho. Umbo la mguu ule lilikuwa limerekebishwa kwenye kompyuta tena na tena. Kila mahali palipomuuma palikuwa pamepunguzwa, kila palipolegea pameongezwa. Kumpima upya kungempa mguu, lakini marekebisho yale yangekuwa yamekwenda, na maumivu angeyaanza upya yote. Aliuliza kama aende nyumbani.

Mkurugenzi alitamka kwamba mafaili yamepotea na wagonjwa waitwe upya. Tena, kwa kuwa ripoti ilionyesha kwenye seva kuna folda kubwa ya kompyuta ambayo haipo tena, akaagiza folda hiyo ifutwe kabla ya saa za kazi kwisha, ili nafasi ipatikane. Folda yenyewe ilikuwa inaitwa Kiguu-na-Njia. Hapo Domokaya wa mapokezi alifanya alilozaliwa kulifanya, akapiga simu kwa daktari wa meno.

Shangazi aliingia shavu limevimba, pamba mdomoni, kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini. Alisema "Msiguse," likatoka "Mfigufe," na hakuna aliyecheka. Akaenda kwenye kichumba cha mafagio, akachomoa waya wa mtandao wa seva, akaukunja, akauweka juu ya kiti na kuukalia. Mkurugenzi alimwambia huo ni utovu wa nidhamu. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Mkurugenzi akamuuliza kama anajua anazungumza na nani. Akaitikia tena. Akamwamuru ainuke, na hapo akatikisa kichwa taratibu, maana shavu lilikuwa linauma.

Mkurugenzi alipokwenda kupiga simu kwa bodi, Shangazi alikwenda na waya wake chumba cha vipimo, akaanza kazi. Akaizuia ile programu isiendelee na folda yake tupu. Akairudishia mashine jina lake la zamani, akaizima na kuiwasha, akarudi kuuchomeka waya wa seva. Programu ilipouliza kama ianze akiba mpya, akakataa, akaielekeza ishike ile ya zamani. Ikataka neno la siri. Zamani mashine ililikumbuka yenyewe, sasa haikumbuki kitu.

Kila Jumatatu Shangazi alikuwa akimlazimisha Fundi Mkuu aliandike neno hilo kwenye vitufe kwa vidole vyake mwenyewe, asije akalisahau, naye alikuwa akinung'unika kwamba anafanywa mtoto wa chekechea. Siku hiyo lilimtoka kabisa kichwani. Shangazi akamshika viganja, akaviweka juu ya vitufe, akageuka pembeni asimtie haraka. Vidole vikaandika.

Hakurudisha kila kitu kwa pupa. Alifungua kwanza faili moja, la mwalimu wa michezo, na mguu ukajichora kiooni na mabonde yake yote. Fundi Mkuu alilia. Sisi wengine tulijifanya tunatazama nje dirishani. Wiki hiyohiyo mwalimu alipita mapokezi akitembea bila fimbo, akauliza yule mama wa shavu yuko chumba gani.

Shangazi alipewa barua ya onyo. Alishukuru, akaitolea nakala, akaihifadhi kwenye folda ya Kiguu-na-Njia ili nayo isipotee. Barua ya pongezi haijaandikwa hadi leo. Tumechoka kuisubiri, ndiyo maana ukurasa huu umekuwa mrefu kuliko tulivyoahidi.

Sasa utaratibu unasema mtu akistaafu jina lake hufutwa kwenye mfumo, na tumesikia ule waraka wa namba unarudi mwezi ujao. Kwa hiyo tunatoa taarifa mapema. Miaka yote hii seva haikuwa na jina, tuliiita seva tu. Tangu Ijumaa iliyopita inaitwa Shangazi. Yeyote atakayeipiga kompyuta mfumo mpya ataulizwa na mashine ikachukue wapi vitu vyake, na itambidi aandike jina hilo, herufi kwa herufi, ndipo apewe faili lake la kwanza. Anayetaka kulibadilisha anakijua kichumba cha mafagio. Atamkuta Fundi Mkuu, keshahamishia stuli yake huko.

Mumewe, fundi cherehani aliyetangulia kustaafu, anatuambia redio ya jikoni kwao tayari inaitwa Mbea, na yeye anasubiri zamu yake kwa wasiwasi. Tunampa pole mapema.

Shangazi, asante kwa kila kazi uliyotulazimisha kuihifadhi. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, na afya njema kwa meno yaliyobaki. Nenda kapumzike. Waya tumeukalia.