Rangi Juu ya Rangi

Mbele yangu kwenye treni alikaa fundi rangi, suruali madoa matupu, anatabasamu peke yake mpaka mama asiyemjua, aliyekaa jirani yake, akashindwa kuvumilia. "Umeokota nini, kaka?"

"Pumzi, mama. Natoka hospitali. Nimepuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, daktari kasema mirija ya hewa imevimba tu, bado haijakakamaa. Nimewahi!"

Akaeleza kwa sauti ya mtu anayesikilizwa na behewa zima, na kweli tulikuwa tunasikiliza. Pumu, alisema, haiondoki hata kifua kikiacha kulia. Uvimbe unabaki ndani kimyakimya, mwili unajitia viraka, kovu juu ya kovu, kuta zinanenepa na njia inakuwa nyembamba. "Kama dirisha linalopakwa rangi kila mwaka bila kukwanguliwa. Mwisho wake halifunguki. Na mimi, fundi mzima, pampu ya dawa ya kuvuta kila siku nilikuwa naiweka akiba ya siku mbaya!"

"Dawa kila siku, na huumwi?" mama akang'aka. "Mwili utazoea. Mwanangu kifua kikitulia, yake naifungia kabatini."

"Mama, kikitulia ndipo..."

"Usinifundishe kulea!"

Wakavutana hivyo mpaka treni ikafunga breki. Mama akabeba kikapu chake, bado amenuna, akatupita sote bila kuaga. Mlangoni akageuka.

"Hiyo mashine," akasema, "mtoto wa miaka saba anaweza kuipuliza?"