Mwendo wa Mtu Anayeweza Kuongea

Maman Marcelline Nsimire, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Nyangezi tarehe 8 Septemba 1961. Alikuwa mtoto wa kwanza, na Floribert ndiye mdogo wake wa pekee.

Alisoma kwa masista hapa hapa Nyangezi hadi darasa la tano. Baba yao alipofariki mwaka 1972 aliacha shule, akaanza kupeleka maharagwe kutoka Walungu mjini Bukavu. Baadaye alipata meza yake katika soko la Kadutu, na hakuipata kwa huruma ya mtu. Wateja wanamkumbuka: alikuwa anakuacha uondoke, ufike mbali kabisa, halafu anakuita kwa jina la mama yako. Ulirudi.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mwalimu Edouard Mushagalusa. Walijenga Nguba, mjini Bukavu, wakazaa Gisèle na Josué. Mzee Edouard alifariki mwaka 2019, akazikwa hapa Nyangezi, juu kule mlimani, kwenye migomba yake. Wakati huo Gisèle alikuwa Kampala na Josué Lubumbashi. Nyumbani alibaki yeye na redio.

Mwaka 2023 miguu ilianza kuvimba, akawa analala ameketi. Madaktari walisema moyo umechoka kusukuma damu. Wao walimpa dawa. Familia ikampa amri ya kukaa kitandani. Siku ya marehemu wote, 2 Novemba 2024, wanaume walimngoja barabarani hapa na kipoyi, machela ya mabegani, wambebe mpaka kaburini kwa mume wake. Alikataa.

"Kipoyi nitapanda siku sina maneno."

Alisali akiwa huku chini, macho mlimani, akarudi Nguba.

Ndipo alipokwenda kwa maman Valérie, kiné anayefundisha wagonjwa wa moyo mazoezi. Alijifunza kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole, midomo imebanwa kama ya mtu anayepoza chai. Alijifunza kuinuka kitini na kuketi bila haraka. Na kutembea.

"Tembea mwendo unaweza kuongea," Valérie alimwambia. "Maneno ikianza kukatika, simama, pumua."

Kipimo kizuri, ila kilihitaji mtu wa kuongea naye, na hakupatikana. Jirani yake Eulalie alisema wazi: "Maman Gisèle, ukianguka tukiwa sisi wawili, watauliza nilikutilia nini mu chai." Kwetu hofu hiyo ya kusingiziwa sumu si mchezo. Floribert naye alimtumia motard kila Jumapili ampeleke misa kwa pikipiki, na kila Jumapili motard alirudi bila abiria.

"Dada, moyo iko mugonjwa, na wewe unaitembeza? Lala!"

"Nililala. Ilipona?"

Basi alifanya alichokijua. Alitembea peke yake kando ya barabara, na kwenye kila meza alipatana bei: nyanya, samaki sambaza, ndala. Hakununua.

"Maman, leo unanunua ao ni kelele tu?"

"Ni kelele. Bei ya mwisho?"

Aliisikiliza sauti yake kama inakatika, akaendelea.

Tarehe 2 Novemba 2025 alishuka garini hapa na fimbo. Floribert alikuwa amekuja na kipoyi tena. Alipoona hamuwezi, akauliza: "Basi tuongee nini?"

"Niuzie mbuzi."

"Sina mbuzi, dada."

"Ndiyo maana utapunguza bei."

Walipanda wakimgombania mbuzi huyo, wakisimama kila maneno yalipokatika, mpaka juu. Mbele ya kaburi aliegemea fimbo yake.

"Edouard, nimekuja na miguu yangu."

Mazoezi hayakuuponya moyo ule. Hakuna aliyemwahidi hivyo. Asubuhi ya Alhamisi, 12 Machi 2026, Eulalie alimkuta nyumbani Nguba, kitini, amevaa viatu vya kutembea. Alikuwa amefariki, peke yake. Daktari amesema ni moyo. Eulalie asiulizwe kitu.

Anawaacha watoto wake Gisèle na Josué, wajukuu, mdogo wake Floribert, na wauzaji wa Nguba ambao juzi walikuja kuuliza kwa nini hapiti.

Leo hana maneno, kwa hiyo tutambeba. Wabebaji wanaombwa wapande kwa mwendo wa mtu anayeweza kuongea. Na waongee, njia nzima.

Apumzike kwa amani, dada yetu. Mlima wake umekwisha.