Morani Hali Peke Yake

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe sana! Wazee wangu shikamooni, na akina mama mlioteremka kutoka juu mlimani na matope haya yote, Mungu awape nguvu. Mchungaji ameniomba niseme kwa kifupi. Yeye mwenyewe hajawahi kusema kwa kifupi tangu nimjue, kwa hiyo leo mtanivumilia na mimi.

Wengi mnanijua, mimi ni Yoeli wa Engutoto. Keshokutwa naondoka kwenda pwani, kwenye hospitali kubwa ya serikali, kusomea uganga wa Kizungu. Ndiyo, mimi huyu! Mwarusha, mwana wa mama yangu aliyekaa pale mlangoni analia. Acheni nijivune kidogo, ndugu zangu, maana nikinyamaza leo nitakuwa namnyima Mungu haki yake.

Nilipokuwa bado layoni, mtoto ambaye hajaingia jandoni, ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wetu wote. Baada ya sotoka ikaja njaa, na baada ya njaa wakaja funza. Nyie vijana hamjui. Funza waliwala watu miguu mpaka mtu mzima anatambaa kama mtoto. Dada yangu alipoteza vidole vya mguu mmoja, vyote, tukimwangalia, na hatukuwa na la kufanya. Mjomba wangu alikuwa mpagazi wa misafara. Akanichukua kwenda naye Mombasa, kwa Waingereza, ili mama apunguze mdomo mmoja wa kulisha. Huko nikaingia shule ya misheni, nikasoma mpaka nikaota ndevu, nikabatizwa, nikapewa cheti changu. Na shuleni pale palikuwa na chumba cha vidonda. Nilipomwona mama mmoja muuguzi anatoa funza kwa sindano iliyochemshwa, anaosha, anapaka dawa, anafunga kitambaa, na baada ya siku chache mtu anatembea, nililia. Nikasema, kumbe! Kumbe dada yangu angebaki na vidole vyake! Tangu siku ile sikutaka kazi nyingine duniani.

Nikarudi nyumbani. Nikaingia jandoni nikiwa na umri mkubwa kidogo, lakini sikupepesa jicho, na wenzangu wa rika wapo hapa, wanaweza kusema kama naongopa. Nikawa morani kamili. Ndugu zangu Wameru, na wewe Mwalimu Eliya wetu uliyetoka Machame, niwaeleze jambo moja kuhusu sisi, maana bila hilo hamtaelewa ukuu wa Mungu. Morani hali peke yake. Hanywi hata maziwa peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika, wale pamoja. Ukila bila mwenzako umelitupa rika lako, na wao watakutupa wewe.

Basi tukasikia kwamba daktari wa serikali pale boma anatafuta vijana wanaojua kusoma, awapeleke pwani wafundishwe. Nikavaa kanzu yangu safi ya Mombasa, nikashika cheti, nikaenda huku napiga mluzi. Nilijua nimeshapata. Daktari akakigeuza kile cheti, akakisoma mbele, akakitazama nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Hii ni elimu ya Waingereza," akasema. "Hospitali yetu sisi Wajerumani hufundisha kwa Kidachi. Kasome kwanza. Mvua kubwa ikiisha, njoo nikupime."

Miaka yote ile ya Mombasa! Kwa yule bwana ilikuwa kama sijasoma kitu. Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo kama kidonge.

Mahali pa kusoma Kidachi palikuwa hapa tu, shule hii yetu ya misheni huku mlimani. Na waliokuwa wanasoma Kidachi ni watoto. Malayoni watupu! Mimi, morani mwenye nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu, nikakaa benchi moja na watoto ambao nyumbani wakiniona wanapaswa kuinamisha kichwa nikiguse. Rika langu lilichukia. Aliyechukia kuliko wote ni Loishiye, rafiki yangu, ambaye tulitahiriwa naye asubuhi moja. Akaniambia mbele ya wenzetu kwamba nimelitia rika aibu, na kwamba siku yoyote watakayosikia nimekula na malayoni, nisirudi kwao tena.

Nilikuwa natoka Engutoto kabla wenzangu hawajaamka, nikirudi giza limeshaingia, na mara nyingi wameshakula. Mchana shule iligawa uji. Watoto wanakunywa, mimi naangalia ukuta. Ndugu zangu, njaa si rafiki wa mtu! Unaambiwa sema Kidachi cha mguu, cha goti, cha ini, na tumbo lako linajibu kwa Kimaasai. Mwalimu Eliya akaniita pembeni. Akaniuliza kama mimi si mbatizwa, na kama Kristo hakuniweka huru. Akanisihi ninywe ule uji.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wengi mlinilaumu mkidhani ni kiburi. Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini nilijiuliza hivi: nikilitupa rika langu ili niwe mganga, nitamganga nani? Mwarusha gani atampa mguu wake mtu aliyewatupa wenzake? Nitarudi na dawa zangu, nikae nazo. Nisipokula, sitafaulu mtihani. Nikila, nitafaulu na sitakuwa na mgonjwa. Hapo ndipo nilipokuwa nimebanwa, huku moto na huku maji.

Nilikonda. Mama akidhani nimerogwa, akanitafutia dawa za kutapika, na mimi sina cha kutapika! Siku moja nikaitwa ubaoni kuhesabu vipimo vya dawa, gramu na nusu gramu, nikaona ule ubao unakuja juu yangu. Nilianguka mbele ya watoto. Nilipoamka, Mwalimu Eliya alikuwa ananipepea na daftari, na akasema kwa upole kwamba hatanipokea tena darasani nikiwa na njaa. Ama nile, ama nibaki nyumbani.

Nikaingia kwenye migomba nyuma ya shule, nikapiga magoti. Sikuomba maombi mazuri, ndugu zangu. Yale maombi ya Mombasa yenye maneno marefu yote yalinikimbia. Nilisema tu, Baba, nina njaa, na wewe ndiye uliyenipa hamu hii ya kuponya watu. Basi nilishe, au iondoe hamu. Nikalia, nikafuta uso, nikaenda nyumbani, na nilimwambia mama sirudi tena shule.

Nadhani mama ndiye aliyekwenda kuwaambia wenzangu wa rika. Mpaka leo hakubali.

Kesho yake nikarudi shuleni kuaga. Ilikuwa wakati wa uji. Watoto wakaacha bakuli zao, wengine wakaingia chini ya mabenchi. Nikageuka. Loishiye amesimama mlangoni, na mkuki wake, amelowa mvua, ameshika kibuyu cha loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa ya mgando. Nikajua amekuja kunitoa.

"Toka nje tule," akasema.

Tukakaa upenuni. Tukala. Nilikula mpaka machozi yakanitoka, na yeye alijifanya anatazama mlima. Kibuyu kilipokwisha akasema anachukia shule hii, anachukia Kidachi, na anamchukia yule daktari ambaye hajamwona. Kisha akasema kesho ataleta maziwa.

Haleluya! Ndugu zangu, alikuja! Akaja na keshokutwa yake. Alikuja mvua kubwa yote, kutoka Engutoto kupanda mpaka huku, kila mchana, mtu ambaye hakuwa amebatizwa, hakuwa anajua hata sala moja. Mungu hakunishushia mana. Aliniletea adui wa masomo yangu na kibuyu! Na mimi sikupoteza nafasi. Baada ya kula nilimlaza Loishiye pale upenuni, nikawa nasoma kwenye mwili wake. Bega, Kidachi chake. Ubavu, Kidachi chake. Nikabonyeza mpaka akapiga kelele kwamba ini si ngoma. Watu wa mlimani waliopita njiani wakasema Waarusha wameanza kulogana mchana kweupe.

Mvua ikaisha, nikaenda boma. Loishiye akanisindikiza, akabaki nje ya kizingiti na mkuki wake kwa sababu askari walimzuia. Daktari akanipima. Akanisomesha, nikasoma. Akanipa mizani, nikapima dawa mpaka nusu gramu. Akauliza viungo, nikamjibu kuanzia kisogo mpaka kisigino. Nilikuwa namwona Loishiye amelala mbele yangu, viungo vyote nilikuwa navisoma kwake!

Mwisho daktari akafungua mlango wa pembeni. Ndani alikaa bibi mmoja Mmaasai wa Kisongo, mguu umeoza kwa funza, ameukunja chini ya nguo. Daktari akanieleza kwamba bibi huyo ameletwa na mwanawe, na amekataa kuguswa na yeyote. Akaniambia nimfunge kidonda. Basi nikapiga magoti, nikamsalimu kwa lugha yetu. Bibi akaiangalia kanzu yangu kwa dharau.

"Wewe kijana wa Wazungu," akasema, "unakula na nani?"

Ndugu zangu! Kabla sijajibu, sauti ikaja kutoka nje, kupitia dirishani, yenye hasira kama kawaida yake.

"Anakula na mimi."

Bibi akatazama dirishani. Akaona mkuki, akaona nywele, akaona morani kamili. Akautoa mguu wake, akauweka mapajani pangu. Niliwatoa funza wale mmoja mmoja, nikaosha, nikapaka dawa, nikafunga kitambaa vizuri kama nilivyofundishwa na Waingereza. Daktari akainama, akakagua fundo langu. Akasema kwamba mimi nitakwenda pwani. Kuhusu cheti cha Mombasa hakusema kitu, lakini nilimwona alivyolitazama lile fundo!

Nilipotoka nikiruka, Loishiye hakuruka. Akaniuliza huko pwani nitakula na nani. Pwani hakuna wa rika letu. Nilikuwa nimefaulu, na bado nilikuwa nimebanwa palepale.

Juzi akaniita. Nikamkuta amelikusanya rika letu lote, na wazee walezi wa rika, wale wenye mamlaka ya kutufungia na kutufungulia. Nikadhani nimeshtakiwa. Mzee wao mkubwa akachukua maziwa, akanimwagia kichwani, akanitemea baraka kifuani.

"Kuanzia leo, hapa na huko uendako, atakayeketi nawe kula, sisi tumemfanya rika lako," akasema. "Kula, mwanangu. Urudi ututibu."

Nimefunguliwa, ndugu zangu! Sikuvunja, sikukimbia, sikumtupa mtu. Nimefunguliwa na midomo ileile ambayo ingenilaani! Asante Bwana Yesu! Wewe uliye hapa leo umebanwa pande zote, unadhani lazima uchague kati ya wito wako na watu wako, mwambie Mungu ukweli. Mwambie tu una njaa. Usimpangie atakayemtuma, maana pengine yuko njiani tayari, amekasirika, na ana kibuyu mkononi. Mwamini!

Nami jana nilikwenda shuleni kuwaaga wale malayoni. Wakati wa uji ukafika, wakaanza kuondoka kunipisha kama walivyozoea. Nikawaambia wakae. Nikachukua bakuli, nikaketi katikati yao, nikanywa uji wao mpaka chini. Ulikuwa umepoa, na haukuwa na chumvi, na niliomba wa pili.