Kucha Zisizobanduka

Basi lilikuwa limekwama kwenye taa, na dada aliyekaa mbele yangu alikuwa anabandua rangi ya jeli kwenye kucha zake kwa meno. Mama wa pembeni yake, ambaye hakumjua hata kidogo, alishindwa kuvumilia. "Mwanangu, ukiing'oa hivyo unabandua na kucha yenyewe, halafu utasema rangi ni feki."

"Lakini mama, nimepaka Ijumaa tu!"

"Basi hukufuta mafuta kabla ya kupaka. Na rangi uipitishe mpaka ukingoni mwa kucha, la sivyo maji yanaingia. Vyombo unaosha kwa glavu." Alinyoosha vidole vyake vyenye kucha nyekundu zinazong'aa, nami huku nyuma nikajikuta nakunja vyangu.

Dada alicheka bila furaha. "Glavu nilinunua. Mama mkwe akaniuliza mbele ya wageni kama naosha sufuria au nampasua mgonjwa. Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa. Nikazivua."

"Achana nao. Zangu zinakaa wiki tatu bila kuchubuka."

"Kwako vyombo anaosha nani?"

"Yupo binti wa kazi."

"Kwa glavu?"

Mama aligeukia dirishani, ingawa nje palikuwa na ukuta mtupu. "Yule mikono yake imeshazoea, haumii."

"Ndivyo mama mkwe anavyosema kuhusu mimi," dada akajibu.

Taa zikaruhusu, basi likasogea na kusimama kituoni. Mama akainuka, akasema hapo ndipo anaposhukia. Konda akashangaa, maana mama huyo alikuwa amelipa nauli ya mpaka mwisho.