Mama Joto na Bamba Lisiloyeyuka

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mama Joto, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa mwalimu wa hesabu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule ya msingi, na hapohapo akaanza masomo mwaka 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 1982.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya nishati, na koti lake la kazi lilipochanika alilipeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye alilishona, akalirudisha, ila mwenye koti akakataa kumrudisha. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1986, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Kazi iliyomkaa moyoni ilitoka wodi ya watoto njiti, ambako umeme ulipokatika mashine za kuwatia joto zilizimika, na magodoro ya nta yaliyowekwa kama akiba yalivuja kila nta ilipoyeyuka. Dada akatafuta kitu kigumu kinachomeza joto na kulitoa polepole, kikibaki kigumu vilevile, chembe zake zikijipanga upya ndani kwa ndani. Alihangaika miaka na miaka, bamba moja likipasuka, jingine likipoa kabla hata ya chai kikombeni, wenzake wakahamia kazi nyingine, naye alipotaka kukata tamaa shemeji yetu alimwambia, "Mke wangu, mimi nguo ikimkataa mteja situpi kitambaa, nafumua mshono." Akafumua kweli, akaupanga mchanganyiko upya, na mwaka 2003 bamba likakubali, shemeji akalishonea kigodoro laini.

Umeme ulipokatika Agosti ile, pacha wawili walilala juu yake, joto lao likadumu hadi umeme uliporudi. Leo wamo humu, mmewaona, ndio wale warefu waliobeba jeneza.

Alianza kuugua moyo mwaka 2021, akafariki mchana wa tarehe 2 Mei 2024, mumewe akiwa amemshika mkono, na hadi wiki ile aliwauliza wauguzi kama wodi ya watoto ina mabamba ya kutosha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani mliotufungulia milango yenu, na wafanyakazi wenzake mliofunga maabara ili kumsindikiza. Tumefiwa, lakini hatukupunjwa.

Dada, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika kwa amani.