Leseni Inaishia Mpakani

Fundi cherehani alijifanya kusinzia, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako mkunga alikuwa akibishana na karani wa serikali kuu.

"Binti yangu, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, ameshikwa na uchungu tangu asubuhi, na ndiyo mimba yake ya kwanza," mkunga alisema. "Treni ikivuka mpaka, cheti changu cha ukunga hakitambuliki. Si muyaamuru majimbo yakitambue?"

"Mama, shirikisho letu ni la hiari. Majimbo yametukabidhi jeshi na mambo ya nje, basi. Vyeti, shule, reli, kila jimbo na lake. Sisi tunaomba tu."

"Serikali kuu gani hiyo ya kuomba?"

"Ikianza kuamuru majimbo, kesho itakuamuru na wewe."

Fundi alimeza kicheko. Koti la karani lilikuwa pana kuliko mabega yake.

Treni ikasimama mpakani. Dereva akateremka na chupa yake ya chai, akaketi kivulini, maana leseni yake iliishia hapo. Dereva wa jimbo la pili alikuwa hajafika.

Mkunga akamgeukia karani.

"Haya mwanangu, omba."